Mpira wa Taa ya Wafula

Kitale, Jumatano jioni

Kumbe ni mafuta ya kukamulia yaliyofanya taa ya kuzamia iingize maji. Wiki nzima nimelaumu waya, nikalaumu nati, na kosa ni langu. Nilipaka hayo mafuta ya chuchu za ng'ombe kwenye ule mpira unaozuia maji pale waya unapoingia ndani ya taa, ati upite laini. Leo nimeifungua, nikakuta mpira umefura na kulegea, na maji ndani.

Mke wangu akacheka. "Si nilikwambia hayo ni ya ng'ombe, bana."

Nimekata mpira mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, nikaupitisha kwa maji ya sabuni tu, nikakaza nati. Sasa taa imezama ndani ya pipa la maji, na ndani ya taa nimeweka kipande cha tishu. Kesho kikitoka kikavu...

Naogopa. Jumamosi ndugu yangu Wafula anazamia bwawa kule Bumula kuzibua bomba, na maji yenyewe ni kama chai ya maziwa. Taa ikizima, hatajua juu ni wapi.

Amepiga simu kuuliza kama iko tayari. Nimemwambia bado. Hata tishu ikitoka kavu, nitashuka majini na hiyo taa mimi kwanza.