Mpapai Dume Nilioukata

Chacha, mwanarika mwenzangu,

Mwezi wa pili huu tangu tukuzike, na bado nakuonea wivu. Watu walijaa uani kwako mpaka wengine wakakaa zizini. Nilisimama pale nikijiuliza ni nani atakuja kwangu.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya mipapai. Mkeo Bhoke anataka kuing'oa yote wiki ijayo apande kahawa. "Shamba limelogwa, Mwalimu," ananiambia. "Misimu miwili maua yanadondoka tu."

Halijalogwa. Ni mimi.

Ngoja nikueleze taratibu, kama nilivyowaeleza watoto darasani. Kuna mpapai dume na mpapai jike. Dume huchanua maua kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Halizai, ila maua yake yana chavua, ule unga wa manjano. Nyuki na nondo wa jioni huubeba hadi kwenye maua ya jike, na upepo nao husaidia. Ua lisilopata unga huo huanguka. Wewe madume yako uliyang'oa yote. Dume langu, pale mpakani, ndilo lililokuwa likikuzalishia.

Nawe ukalicheka! "Unafuga dume la nini, halina hata tunda moja?" Bwana shamba alipita kwangu bila kusimama, akaenda kula kwako. Halafu sokoni, mbele ya watu: "Mwalimu ana vitabu, mimi nina mapapai!" Nilicheka nao, kwa meno tu.

Nikalikata. Ukaja kunipongeza: "Sasa umepata akili." Majike yangu nikayahudumia kwa mkono. Kila asubuhi nilichuma maua ya dume kule misheni, nikayafunga kwenye leso, nikayagusisha kwenye maua ya jike, moja baada ya jingine. Yangu yakazaa. Yako... Chacha, uliponiuliza mbona hayashiki, mimi ninayependa kueleza kila kitu, nilikujibu kwamba ni jua.

Kesho baada ya ibada nitamwambia Bhoke yote, hata hilo la jua. Akikubali, nitapanda miche sita mpakani, maana mche mchanga haujulikani kama ni dume mpaka uchanue. Nitangoja. Wakati huo mikono yangu itafanya kazi ya nyuki shambani kwako.

Na yakizaa, watu watasema hakuna mapapai kama ya Chacha. Itaniuma, najijua. Nakuahidi sitawasahihisha.

Pumzika, ndugu yangu.

Marwa