Mashada juu ya inveta

Jiap, nimekaa nje ya kinu. Kulia siwezi, kucheka siwezi.

Unaikumbuka ile inveta inayoongoza kasi ya mota ya kukoboa mpunga, inayolia king'ora cha joto? Nimebadilisha feni yake, wapi! Leo bosi, Mama Somjit, akaniambia, "Wanida, kikilia tena, kesho usije."

Kikalia.

Nikapanda ngazi nichungulie juu ya kabati la inveta. Mashada ya asumini, Jiap! Rundo zima limeziba matundu ya hewa. Kumbe kila kikilia, Mama Somjit anaongeza shada, anambembeleza mzimu wa mashine.

MASHADA.

Nikayatoa yote. Joto likashuka, king'ora kikanyamaza.

Mama akaunganisha viganja, akainamia mashine. "Unaona, mwanangu? Mzimu amesikia."

Sasa hivi yeye ndiye yuko kwenye ngazi. Anaweka shada la shukrani.