Kyule Ndiye Aliyepewa Likizo

Donholm, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Vipi miguu yako, na mbuzi wanapata malisho? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechoka.

Ni huyu Kyule, mwenzangu hapa kwa dobi. Nguo nyeupe anazichanganya na za rangi, shati analipiga pasi upande mmoja, kisha analala juu ya mafurushi. Wateja wakija juu, mimi ndiye nafua upya. Nimemweleza Mama Shiru, mwenye duka, hadi nimechoka. Hujibu, "Si kazi inatoka? Wachana naye, ni mtoto wa mtu wa kanisa letu." Inatoka kwa jasho langu!

Lakini siku ya kupasuliwa jicho lako nitakuja. Nimeshaomba ruhusa.

Mwanao,
Ndanu

Mwingi, 12 Februari 2025

Ndanu wangu,

Huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mwalimu Matheka, jirani, ndiye ananiandikia, maana mtoto wa jicho ameniziba macho kabisa. Kwa hiyo leo sisengenyi mtu.

Mvumilie huyo Kyule, si ni mtu wa huku kwetu? Mvumilivu hula mbivu.

Upasuaji ni tarehe nne Machi, na bandeji inafunguliwa kesho yake. Naogopa, mwanangu. Je, wakifungua nikute giza lile lile? Nataka wewe unishike mkono. Sitaki mtu mwingine.

Mama

Donholm, 1 Machi 2025

Mama,

Natumaini unalala vizuri. Mimi silali.

Mama Shiru amekataa. Nilimwambia Kyule atashika kazi siku tatu tu. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kyule? Uniachie huyo, nguo za watu ziungue? Ndanu, wewe ndio duka." Nilienda chooni nikalia. Nikiacha kazi, hospitali italipwa na nani?

Anasema hutakuwa peke yako, atatuma mtu na unga na sukari. Nisamehe.

Mwanao,
Ndanu

Mwingi, 9 Machi 2025

Ndanu,

Hujambo, mwanangu? Hii nimeandika mwenyewe, ona herufi zinavyoyumba. Naona! Nimeona hata buibui wa darini, na Mwalimu Matheka kumbe amezeeka.

Bandeji ilipofunguliwa nilikuwa nimeshika mkono wa mtu. Nilifurahi, nikadhani umetoroka ukaja. Kumbe ni Kyule, ndiye aliyetumwa na ule unga na sukari.

Ni kijana wa adabu, ingawa alisinzia kwenye kiti cha daktari. Nilimwuliza mbona yeye ameruhusiwa na wewe ukakataliwa. Akasema, "Mama, mimi nikitoka hakuna anayejua. Ndanu hawezi kutoka." Wala hakuona haya. Nililia kwa jicho jipya, na daktari alikuwa amekataza.

Yale ya uvumilivu nimeyafuta. Unguza shati moja, mwanangu, uje nikuone.

Mama

Donholm, 20 Machi 2025

Mama,

Jicho haliwashi? Usilie tena, tafadhali.

Nilijaribu. Niliweka pasi ya moto juu ya shati la mteja, nikageukia ukuta. Kabla hata harufu haijatoka, mkono wangu ukaiinua. Nimeukasirikia mkono huu hadi leo.

Kyule alirudi akiwa amenenepa. Anakusifu sana. Ameomba likizo nyingine ya Pasaka aje huko, na Mama Shiru amemkubalia papo hapo.

Nitampa picha yangu akuletee.

Mwanao,
Ndanu