Picha ya Mtaa wa Kongo Niliyoipiga Kimya Kimya

Mpendwa kaka Idrisa,

Nimechoka, kaka. Tangu tukuzike nimezunguka na kamera yako peke yangu, Kilwa, Lushoto, mpaka Kigoma, na kila nikirudi Dar nalala na viatu. Kamera yenyewe nyepesi, haina kile kioo cha ndani cha kamera kubwa, inaingia kwenye pochi. Lakini mabega yananiuma.

Unamkumbuka yule mama wa kukaanga samaki pale soko la Feri? Alikukemea, "We kaka, unanipiga na jasho langu hivi?" Ukacheka, ukamngoja ajifute na kufunga upya kilemba, ndipo ukampiga. Nilikuambia kamera hii unaweza kuizima mlio, mtu asijue kabisa. Ukanijibu, "Mwache asikie. Akikataa, akatae." Kwenye treni ya Kigoma ulipiga soga saa nzima na mzee mmoja kabla hujaitoa kamera kwenye begi. Mimi nilinuna, mwanga mzuri unapotea. Ukapata picha moja tu, tena yenye giza. Mzee aliipenda sana.

Ulipoondoka, niliuzima ule mlio. Sikuwa na nguvu za kuongea na watu, kaka. Nikianza tu salamu, naikatisha naondoka.

Mwezi uliopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, asubuhi. Mwanamke muuza vitenge alikuwa amekaa chini katikati ya mizigo yake, simu mkononi, analia mdomo wazi. Nilimpiga mara tatu kutoka hatua mbili. Hakugeuka. Nikaposti picha moja mtandaoni mchana uleule, ikasambaa kuliko picha zetu zote za safari. Nilifurahi. Sikufichi, nilifurahi.

Siku ya nne nikapata ujumbe: "Mimi ndiye ninayelia. Nimerudi palepale, njoo."

Nilienda. Anaitwa Mwanaidi, umri wako.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Keti."

Nikakaa juu ya furushi. Hakupaza sauti.

"Siku ile nilipigiwa simu kwamba mdogo wangu amefariki, ajali ya pikipiki, Tabora. Mama yetu yuko Kilosa, ana presha. Tulikubaliana asiambiwe mpaka nifike, nimwambie nikiwa nimemshika mkono. Jirani akamwonyesha simu: 'Huyu si Mwanaidi wako? Analia nini?' Mama akanipigia niko kwenye basi. Nikamwambia humohumo, mbele ya abiria."

"Sasa anaendeleaje?"

"Mzima. Ila hasemi na mtu."

Nilimwomba radhi. Nikamwambia picha nimeshaifuta.

"Umefuta ya kwako," alisema.

Ni kweli, kaka. Imebaki kwenye simu za watu, na sina namna ya kuifuata huko. Akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia nilikuwa naye mmoja, nikashindwa kuendelea.

"Pole," alisema. Akaanza kupanga vitenge vyake. "Haya, nenda. Ukija tena, usije na hiyo kamera."

Jumamosi nikarudi mikono mitupu. Alinipa pindo moja la kitenge, akashika jingine, tukakunja. Tukakunja kingine. Kwenye cha nne au cha tano akaanza kunisimulia jinsi mdogo wake, jitu zima, alivyokuwa akiwaogopa kuku. Akacheka, akalia, akaendelea kukunja. Nami nikajikuta namweleza ulivyokuwa ukikoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Nililitaja jina lako, kaka, nikamaliza sentensi.

Sijui kama amenisamehe, na sikumuuliza. Alipokuwa anafunga mizigo aliniambia tu, "Jumamosi njoo mapema, kuna mzigo mpya."

Mungu akupe mapumziko ambayo mimi bado sijayapata.

Mdogo wako wa pekee.