Kadi Aliyoisukuma Kaka

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umenifura na sitakuficha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati.

Shangazi alinipigia kunipa pole. Alisema amesikia kwako kwamba nimeunguza kompyuta kabla hata haijafanya kazi, na kwamba umeamua mambo ya mitambo aachiwe Kaka, Injinia wenu, mimi nitafute kazi ya saizi yangu. Nilimshukuru kwa adabu, nikakata simu, kisha nikaubamiza mlango wa kabati mpaka bawaba ikalegea.

Basi sikia ilivyokuwa. Ofisi ilipofungwa na sisi wachoraji wa ramani za majengo kurudishwa nyumbani, niliamua kuunda kompyuta yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, nichoree hapa hapa sebuleni. Daktari mmoja wa meno alikuwa ameshakubali nimchoree kliniki yake mpya. Kilichobaki ni kadi ya picha, ile inayoiwezesha kompyuta kubeba michoro mizito.

Muuzaji aliniletea moja kubwa, inang'aa. Meno yake yalilingana na mazabodi, ule ubao mkuu ambao kila kitu huchomekwa humo. Lakini meno si yote, Baba. Nilipoipima kwa rula niliona ni ndefu kuliko nafasi iliyomo ndani ya kasha la kompyuta. Nikasoma boksi lake, nikaona inataka waya wake peke yake wa umeme, na kifaa changu cha umeme hakina waya huo wala nguvu hiyo. Nikairudisha kwenye boksi, nikamwambia Kaka, aliyekuwa akikaa kwangu, asiiguse, nikaondoka kwenda dukani kuomba nibadilishiwe fupi.

Kaka alinicheka. Alisema kitu kilichotengenezwa na binadamu huingia tu, mradi ukisukume kiume. Unajua hilo jina la Injinia alivyolipata: alifungua redio yako akiwa mdogo, nyote mkampigia makofi, mkasahau kwamba redio yenyewe haikusema tena.

Niliporudi, harufu ya plastiki iliyoungua ilinipokea ngazini. Alikuwa amewaita rafiki zake waje kumtazama. Chuma kinachoshika diski alikikunja kwa koleo, waya akauunga kwa utepe wa gundi, kisha akaikandamiza kadi kompyuta ikiwa inawaka. Mazabodi ilikuwa na ufa, na pale pa kuchomekea kadi palikuwa peusi tii. Rafiki zake walikuwa wakitazama viatu vyao. Yeye akaniambia, "Mdogo wangu, umeuziwa vitu vibovu." Na wakati mimi bado nimesimama mlangoni na mkoba begani, alikuwa ameshakupigia simu kukuambia kwamba nimeunguza mimi.

Daktari wa meno alisubiri, akachoka, akampa kazi mtu mwingine. Simlaumu.

Mwenzangu wa ile ofisi alinipa mazabodi ya kompyuta yake ya zamani aliyoacha kuitumia. Nilikagua upya kila kitu, nikatafuta kadi fupi isiyodai waya wa ziada, nikaichomeka kwa vidole viwili tu. Ikawaka. Sasa namchorea kinyozi wa mtaani duka lake. Ni chumba kimoja na beseni, lakini ni kazi, na amenipa mimi.

Nimekusimulia yote haya kana kwamba ni mapya kwako. Najua si mapya.

Uliniomba nimsitiri Kaka nyumbani kwangu mpaka apate kazi, nami nikamsitiri. Juzi nilimtaka akupigie akuambie ukweli, la sivyo atafute pa kulala. Akajiinamia. Alisema alikwisha kukuambia siku ya pili baada ya kuunguza, tena kwa machozi, na wewe ukamjibu, "Acha hivyo hivyo, huyo atazoea."

Baba! Ulijua. Ulijua, ndipo ukampigia Shangazi. Ulilinda jina lake kwa kulipaka langu matope.

Mimi mwenyewe nilimkunjia mashati yake, nikayatia kwenye begi, nikamfungulia mlango. Yuko kwa mmoja wa wale rafiki zake. Sikumtoa kwa sababu ya mazabodi. Nimemtoa kwa sababu aliyajua maneno hayo, akaendelea kula mezani kwangu kimya. Na wewe, siwezi kukutoa popote, wewe ni baba yangu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Kwa hiyo mpigie Shangazi. Mwambie kwa kinywa chako nani aliunguza, na ulijua tangu lini. Mpaka atakaponiambia amesikia, simu zako zitaita bila kujibiwa.

Nisalimie majirani wote, na mama mdogo umwambie dawa zake nimeshazituma. Goti lisilowe, ufunge kitambaa cha sufu jioni.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
mchora ramani.