Ulingo Uliotazama Uani kwa Atupele

Jumapili, mwezi wa saba. Ilomba leo ni upepo wa vumbi na baridi. Jua lipo, lakini halina kazi linayofanya.

Kwanza nikuseme. Umepotea tangu mvua za kupandia, salamu hakuna, na leo unaingia humu kwenye ukurasa wangu kimyakimya kama mtu aliyekuja kuchukua mwavuli aliousahau. Nakujua. Unasoma, unaondoka, hata shikamoo huandiki. Haya, marahaba. Kaa. Najua umekonda, sina haja ya kukuona.

Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa ukubwani, mtoto mgongoni, kwa hiyo ukikuta kosa lipite kama unavyompita mlevi njiani.

Jana mjukuu wangu mmoja alinipigia simu analia. Mumewe siku hizi anakaa sana barazani kwa jirani, na jirani huyo ni mwanamke. Nikamwambia anyamaze, achunguze kwanza. Nilipokata simu nikakumbuka nilivyochunguza mimi, nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi msichana wa Kihesa, Iringa, nimeolewa na Ambakisye, Mnyakyusa ambaye ukoo wake ulikuwa umeteremka kulima upande wa Chimala. Siku ya kuniaga, baba yangu alimpa mkwewe upinde mrefu, ukiusimamisha chini unamfika mtu mzima usoni. Alisema anampa ili asije akapata kisingizio cha kunilisha mboga za majani mwaka mzima.

Baba alikuwa mwindaji, na mimi ndiye niliyemfuata porini kabla wadogo zangu wa kiume hawajazaliwa. Ulingo wa kuwindia juu ya mti najua unavyochaguliwa. Unaanza na upepo: utoke kwa mnyama uje kwako, usitoke kwako kwenda kwake. Halafu unapanda, unakaa, unauvuta upinde bila mshale, kushoto, kulia, chini, na kuurudisha polepole. Upinde mrefu una ncha mbili, na ile ya chini ndiyo watu huisahau. Ikigonga tawi, mshale unakwenda mbinguni na mnyama anakwenda kwao.

Mwaka huo pongo, wale swala wa msituni, walikuwa wanatumalizia maharage. Walitoka msituni jua likianza kushuka, wakala machipukizi, wakaenda zao wameshiba. Maharage yale ndiyo yalikuwa chakula chetu mpaka mavuno mengine. Ambakisye na baba yake wakajenga ulingo kwenye mkuyu kando ya kijito. Mzee mikono ilikwishachoka, upinde haukuvutika tena kwake, lakini macho yake yalikuwa ya mwewe. Yeye anaona, mwanawe anavuta.

Mkuyu ule hata baba yangu angeusifu. Upepo mzuri, matawi yamepishana vizuri, mapito ya pongo yako chini yake kabisa.

Basi wakauacha.

Wakabeba fito na kamba zao wakapanda mteremko, wakajenga upya kwenye mninga mmoja huko juu. Kila jioni wanakwenda, kila jioni wanarudi mikono mitupu. Maharage yanaliwa. Nikamuuliza mume wangu kuna nini huko. Akasema huko ni kuzuri zaidi. Alisema huku anaitazama miguu yake.

Mwanamume akianza kuzungumza na miguu yake, mimi nalala jicho moja wazi.

Nikaanza kuhesabu mambo. Kwa nini siku hizi ananawa uso kabla ya kwenda kuwinda? Pongo anamjali aliyenawa? Kwa nini nikitaja mkuyu anakohoa? Na kwa nini mninga ule uwe karibu na kwa Atupele? Atupele alikuwa mjane, anapika pombe, anacheka mpaka kuku wanashtuka. Mwanamke mzuri, sisemi uongo. Nilimchukia wiki nzima bila yeye kujua, na kila nikikutana naye kijitoni nilimsalimia kwa meno.

Siku moja mchana nikachukua ndoo na kata yangu ya kuchotea, nikajifanya nakwenda maji, nikapinda kuelekea mninga. Ndoo nikaificha kwenye nyasi. Kata niliichomeka kiunoni, nikapanda.

Nilichokuta huko juu kilinitia homa. Upepo unatoka mgongoni moja kwa moja kwenda kwenye mapito. Mbele ya goti kuna tawi nene kama paja, halijakatwa. Nikanyoosha mkono kama ninayevuta upinde, nikaona wazi kwamba ncha ya chini haina pa kupita. Kwenye ulingo ule hata baba yangu asingeweza kupiga kuku aliyefungwa.

Ila uwanja wa Atupele ulionekana wote. Vyungu vyake, kigoda chake, nguo alizoanika. Matawi ya upande huo ndiyo pekee yaliyokuwa yamepunguzwa kwa panga, vizuri, kama dirisha.

Nikasema moyoni, basi. Kesho narudi Kihesa. Nikaanza hata kupanga chombo gani nitabeba na kipi nitamvunjia mlangoni.

Hapo nikasikia kikohozi.

Sasa wewe uliyezaliwa mjini lazima nikueleze. Kwao Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe. Ukimsikia anakuja unaacha njia, unajifunika, unaingia kichakani hata kama kina miiba. Jina lake hulitaji. Kwetu Iringa heshima ipo, lakini si ya kukimbizana namna hiyo. Nilijifunza nikichomoa miiba miguuni. Tangu niolewe nilikuwa najua kikohozi chake na mgongo wake kwa mbali, basi.

Na sasa yeye na mwanawe wanakuja kwenye mti, na mimi niko juu ya mti.

Nikajifunika kanga usoni, nikakumbatia shina. Shina lenyewe lina majimoto, wale sisimizi wekundu. Wakanipanda.

Chini nikamsikia mume wangu akilalamika. Kwamba mti huu haufai, upinde unagonga tawi, pongo wanamnusa kabla hajakaa, warudi mkuyuni kabla maharage hayajaisha. Mzee akaikita fimbo yake chini. Ndipo akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Mkuyuni mkeo anachota maji. Siku ile niliona visigino vyake. Maharage tutapanda mengine, Ambakisye. Heshima ya mkeo nikishaivunja, nitaipanda wapi?"

Mume wangu akasema angeniambia nichote maji kwingine. Mzee akamkatalia. "Mgeni hafukuzwi kwenye maji," alisema, "na ukimweleza sababu atajua nimemwona, ataona haya, atarudi kwao."

Nami huko juu nilikuwa nimekwisha kupanga vyombo.

Sisimizi mmoja akaniuma pasipotajika. Nikajitupa upande, kata ikachomoka kiunoni, ikaanguka miguuni pao.

Nilisikia tu nyasi zikikanyagwa. Baadaye mume wangu alinieleza kwamba mzee alikuwa amegeuka papo hapo, ameupa mti mgongo na kujifunika uso kwa koti lake.

"Mwambie aliye juu ashukie upande wa kulia," mzee akasema. "Kushoto kuna tawi bovu."

"Nimwambie nani, tata?" mume wangu akamuuliza baba yake.

"Ndege."

Akaondoka. Akawa anapiga nyasi kwa fimbo yake kwa nguvu, pa, pa, pa, ili nisikie amefika wapi na nishuke bila hofu. Nilishuka pale fimbo iliposikika kwa mbali sana. Ambakisye alikuwa amekaa chini, kata yangu mapajani, anacheka mpaka machozi. Akaniuliza ndege wa Iringa siku hizi wanabeba kata? Mimi sikucheka. Nilimwambia kucha zangu ziko tayari, anieleze kwanza hilo dirisha la kwa Atupele.

Akasema ulingo aliujenga yeye, lakini matawi yale aliyakata baba yake. Na maji ya kunawa uso, je? Mzee ndiye aliyeagiza maji, na kila jioni walinawa wote wawili kabla ya kwenda.

Tukatazamana.

Walioana baada ya mavuno, mzee na Atupele. Pua yangu haikukosea harufu, ilikosea mwenye kunuka tu. Mpaka leo sijui ni heshima kiasi gani na Atupele kiasi gani vilivyompandisha mzee yule mteremko. Nadhani vyote vilikuwa kweli. Watu hawajazi chungu kwa kitu kimoja.

Jioni ile niliyodondosha kata, Ambakisye alirudi mkuyuni peke yake na upinde. Mzee alibaki mningani, akisema analinda upande wa juu. Ulindaji huo haukuleta nyama hata mara moja, lakini mkuyu ulileta, na maharage yaliyobaki tuliyala. Paja la kwanza nililipika mimi, akapelekewa mzee. Alituma neno kwamba ndege anajua chumvi.

Tuliishi hivyo miaka mingi, nyumba mbili, sauti ya fimbo kati yetu. Mtu aliyenijali kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, na sikuwahi kuzungumza naye. Uso wake niliuona mara moja tu, amelala, amefungwa kidevu, hawezi tena kugeuka. Nikakuta anafanana na mume wangu hasa, ila kope zake zilikuwa ndefu kama za mtoto. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nililia kwa sababu ya zile kope.

Kwa hiyo wewe, ukija tena, usije kwa simu tu. Panda basi, shuka Ilomba, ulizia kwangu. Ukiingia usikimbilie kukaa kule gizani pembeni. Vuta kigoda, kaa karibu na mlango penye mwanga, vua kofia, nikutazame uso mpaka nishibe.