Nyumba ya Babu Haiangushwi

Albertville, 14 Machi 1965

Kaka yangu Alfani, huko Kigoma,

Pokea salamu zetu. Dagaa wamejaa, jirani yangu Mama Clémentine amezaa mapacha, na treni imeanza tena kutembea.

Barua yako nimeipata. Unasema niache nyumba ya babu, nivuke ziwa. Hata muntu wa biro ya komini, ofisi ya serikali ya mji, alikuja kuipima. Akasema, "Mama Hidaya, hii nyumba ni ya matofali mabichi, ilijengwa mbele ya reli kufika huku, na vita imeipasua. Inapaswa kuangushwa."

Nikamwambia, "Papa, ingia kwanza uani."

Kaka, jambo hili sikukuandikia, mkono ulikataa. Mwaka jana, siku ya mapigano, mume wangu Amisi alipigwa risasi. Njia ya makaburini ilikuwa imefungwa, tukamzika uani, karibu na ukuta wa babu.

Yule Papa aliliona kaburi, akavua kofia. "Mukitengeneza ukuta, nitaandika kwamba nyumba ni nzima. Ninakupa mwezi."

Sikungoja mwezi. Wamama wa mtaa walibeba udongo kutoka mtoni, nami nikaukanyaga kwa miguu yangu. Tulikandika siku nne. Jana alirudi, akausukuma ukuta kwa bega, akacheka, akaandika.

Basi mimi sivuki. Ni wewe njo utavuka, kaka. Shemeji yako hajasomewa hitima na ndugu hata mmoja wa kwetu.

Ni mimi dada yako,
Hidaya